Kibodi ya sumaku inaposumbua: dalili, vyanzo, na namna ya kuipima kabla hujatoa pesa

Kibodi za sumaku zimeingia Mombasa kwa mbwembwe. Ukipita maduka ya Moi Avenue na Digo Road utakuta maboksi yenye 0.1 mm (kina cha kitufe kuhesabiwa) na 8000 Hz (mara ngapi kwa sekunde kibodi huripoti kwa kompyuta) kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni, na wasiozipata huku huagiza Nairobi zikaletwa na basi la usiku. Haupiti muda malalamiko yanaanza: inaandika yenyewe, inachelewa, spesi inagongagonga, W haishiki. Nyingi ya kesi hizi hazihitaji fundi, ila zinahitaji mtu ajue aanzie wapi.

Nitasema msimamo wangu mapema. Watu huutenganisha mwili wa kibodi na kasi yake, kana kwamba mmoja ni urembo na mwingine ndio kazi. Kwenye kibodi za sumaku haviachani. Kitufe kinachoyumba hakiwezi kuwekwa chepesi, yaani kihesabiwe kikishuka kidogo tu, bila kukuletea balaa, kwa hiyo kasi uliyoinunua huitumii.

Kinachotokea chini ya kidole

Kibodi ya kawaida ya mekanika ina vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Swichi, yaani kifaa kilicho chini ya kila kitufe, ya aina ya Cherry MX Red, kwa mfano, hushuka milimita 4 kwa jumla na huhesabiwa imebonyezwa ikifika milimita 2. Vyuma vikigusana hudundadunda kidogo, hivyo kibodi husubiri milisekunde chache, mara nyingi kama 5, ndipo iamini kwamba umebonyeza kweli.

Kwenye ya sumaku hakuna kinachogusana. Kijiti kinachopanda na kushuka ndani ya swichi kimebeba sumaku ndogo, na chini yake, kwenye bodi ya saketi, pana kihisi kinachotumia jambo alilogundua Edwin Hall mwaka 1879: sumaku ikikaribia kitu kinachopitisha umeme, volteji ndogo huzuka ubavuni mwake. Sumaku ikishuka, volteji inabadilika. Kibodi basi haijui tu kwamba umebonyeza, inajua pia umebonyeza kiasi gani. Ndiyo maana unaweza kujichagulia kina cha kitufe kuhesabiwa, na ndiyo maana kuna rapidi triga: kitufe huhesabiwa kimeachiwa pale pale kinapoanza kupanda, badala ya kungoja kivuke mstari fulani. Anayecheza Counter-Strike 2, gemu ya kurushiana risasi mtandaoni, anaijua faida yake, kwa sababu pale risasi hainyooki mpaka miguu isimame.

Sasa ubaya wake. Nguvu ya sumaku hupungua haraka kadiri inavyokuwa mbali. Kitufe kikiwa juu kabisa, kihisi kinaona kidogo, na tofauti ya milimita 0.1 ni volteji finyu iliyo jirani na kelele za umeme za bodi yenyewe. Kitufe kikiwa chini, kihisi kinaona vizuri sana. Yaani pale boksi linapojisifia ndipo kifaa kinapoona vibaya zaidi. Liweke hili kichwani, maana dalili nyingi zitarudi hapa.

Dalili: kitufe kinajibonyeza chenyewe

Hii ndiyo inayoongoza. Mchezaji anatembea bila kugusa kitu, au unaandika «salama» inatoka «saalama».

Anza na kina. Fungua programu ya kibodi (nyingi siku hizi hufunguka kwenye kivinjari, na mara nyingi lazima kiwe Chrome au jamii yake) uangalie umeweka ngapi. Ikiwa ni 0.1, panda hadi 0.4 au 0.5 kwa vitufe vya kutembea, na 1.2 au zaidi kwa vya kuandikia. Vidole vina uzito. Ukivipumzisha juu ya A na D tayari unashusha kitufe kidogo, na kibodi haina kosa kukiripoti. Tatizo likiisha hapo, limeisha.

Lisipoisha, tafuta kile kipimo kinachoonyesha kina cha kitufe moja kwa moja. Toa mikono yote mezani. Namba zinapaswa kutulia kwenye sifuri. Zikicheza zenyewe kati ya 0.00 na 0.05, ni kawaida. Zikifika 0.15 hujagusa kitu, chanzo ni kimojawapo cha hivi.

Sumaku nyingine iko karibu. Simu yenye kava ya sumaku, spika iliyosogezwa hadi pembeni mwa kibodi, kifuniko cha tableti, hata kishikio cha simu kilichogundishwa chini ya meza. Ondoa kila kitu hatua moja kutoka kibodi uangalie namba tena. Nimeona watu wakirudisha kibodi nzima dukani kwa sababu ya kava ya simu.

Joto limebadilika. Sumaku za neodimiamu hupoteza takriban asilimia 0.1 ya nguvu kwa kila nyuzi 1 ya joto inayoongezeka, na huirudisha zikipoa. Vihisi navyo huhama kidogo. Si nyingi, lakini fikiria kibodi iliyosawazishwa (yaani iliyofundishwa juu na chini ya kila kitufe ni wapi) kwenye chumba cha AC chenye nyuzi 22, kisha Februari, kaskazi imekoleza, stima imekatika na kurudi, AC imezimwa, chumba kina 33. Ukiwa na kina cha 0.1 kila kidogo kina uzito. Kibodi nzuri hujisawazisha zenyewe zikiwa zinafanya kazi. Za bei ya chini hungoja ufanye kwa mkono. Zisawazishe zikiwa zimeshapata moto wa chumba unachochezea, si dakika ile umezichomeka.

Umeme mchafu. Chomoa chaja ya laptopu, iache itumie betri, uangalie namba. Zikitulia ghafla, chaja au soketi ndiyo mkorofi. Chaja za bandia na soketi zisizo na waya wa ardhini zimejaa mjini. Jaribu chaja nyingine kabla hujailaumu kibodi.

Kitufe kinayumba. Hapa ndipo mwili unapoingia. Shika kofia ya kitufe kwa vidole viwili uitikise pande zote huku ukitazama kipimo. Kijiti kikiwa kimelegea ndani ya nyumba yake kama jino linalotaka kung'oka, kinapoinama sumaku nayo inasogea pembeni, na kihisi hakijui tofauti ya kuinama na kushuka. Ukiona kutikisa tu kunapandisha namba hadi 0.2 au 0.3, basi hicho ndicho kina chako cha chini kabisa kwenye kibodi hiyo, hata boksi liseme nini. Dawa ya kweli ni swichi zilizobana zaidi. Kina kirefu ni subira tu.

Dalili: kitufe hakishiki, au hakiachii

Umebonyeza hadi chini, kipimo kinasema 3.1 badala ya 3.8 au 4.0. Mara nyingi usawazishaji ulifanywa nusunusu: programu ilitaka ubonyeze kila kitufe mpaka chini, wewe ukapitisha mkono harakaharaka kama anayepangusa vumbi. Rudia. Bonyeza kimoja kimoja mpaka kigote, kwa nguvu ya kawaida. Ukikandamiza kupita kiasi, bamba linaloshika swichi linapinda, na kibodi inakariri «chini» ambayo hutaifikia tena ukicheza.

Kama ulibadilisha swichi, shuku hizo mpya. Za mekanika unaweza kuchanganya kampuni karibu zote. Za sumaku hazichanganyiki hivyo: upande wa kaskazini na kusini wa sumaku lazima ulingane na kihisi, nguvu yake ilingane na hesabu za programu, na urefu wa safari ulingane pia. Swichi iliyogeuzwa sumaku inaweza isisomeke kabisa, au isomeke kinyume. Soma orodha ya swichi zinazokubaliwa na mtengenezaji wa kibodi. Muuzaji akikwambia zote ni mamoja, nunua kwingine.

Kofia nene au iliyokaa upande pia huzuia kitufe kufika chini. Ing'oe, bonyeza kijiti chenyewe, linganisha namba.

Kitufe kisichoachia kina habari nyingine. Rapidi triga ikiwekwa kwenye 0.05 au 0.1 huku swichi ina msuguano, kitufe hupanda kwa kusitasita na kibodi huripoti umeachia, umebonyeza, umeachia. Kwenye gemu unaona mtu wako anatetemeka. Weka 0.2 kwenda juu na 0.2 kwenda chini. Tofauti hutaihisi kwa mkono, ila mtetemeko utaisha.

Dalili: «kibodi inachelewa»

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea bure.

Kibodi ikiripoti mara 1000 kwa sekunde, inaongea na kompyuta kila milisekunde 1. Ikiripoti mara 8000, kila milisekunde 0.125. Umeokoa milisekunde 0.875 hata tukihesabu kwa ukarimu. Sasa tazama kioo. Kioo cha 60 Hz hubadilisha picha kila milisekunde 16.7. Cha 144 Hz, kila 6.9. Ukiwa unacheza kwenye TV ya sebuleni ambayo haijawekwa modi ya gemu, TV yenyewe inaweza kuipikapika picha kwa makumi ya milisekunde kabla ya kukuonyesha. Mtu wa namna hii akibadilisha kibodi amehamisha tone baharini.

Halafu mtandao. Nyaya za intaneti za chini ya bahari za SEACOM, TEAMS na EASSy zinatua hapa hapa Mombasa, tunajivunia, lakini seva za gemu nyingi kubwa ziko Ulaya, Ghuba au Afrika Kusini. Mwanga ndani ya nyaya hizo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kilomita 8,000, kwenda na kurudi, inakula milisekunde 80 hata kabla vifaa vya mtandao vya njiani havijaongeza zao. Hakuna kibodi itakayozirudisha. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha «inachelewa» ni kufungua gemu bila mtandao, kwenye uwanja wa mazoezi, kisha kuhisi. Ikiwa nyepesi huko na nzito mechini, acha kibodi ya watu.

Ikiwa nzito hata bila mtandao, endelea hivi.

Angalia ulipochomeka. USB ya kasi ya kawaida, ile ya megabiti 12, huuliza kifaa kila milisekunde 1 na haiwezi zaidi. Ili kufika 8000 kwa sekunde kibodi inahitaji njia ya USB ya kasi ya juu. Ukipitishia kwenye habu ya bei rahisi, pamoja na flashi, feni na taa ya kitandani, unaweza kupata chini ya ulicholipia. Chomeka moja kwa moja nyuma ya mashine.

Angalia mashine yenyewe. Kompyuta za ofisi za mtumba kutoka Uingereza, zilizoongezewa kadi ya picha, ndizo wengi wetu tunachezea. Kuripoti mara 8000 kunaipa prosesa kazi ya ziada, na prosesa ya zamani hulipa kwa kuangusha fremu. Unaona kigugumizi kila unapobonyeza vitufe vingi. Shusha hadi 1000. Ndiyo, ulilipia 8000. Shusha tu.

Angalia Windows. Kuna kitu kinaitwa Filter Keys, kimewekwa kwa wenye mikono inayotetemeka: hupuuza mibonyezo mifupi na ya kujirudia. Hujiwasha ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, na mtu akibonyeza «sawa» bila kusoma, kibodi ya bei yoyote inakuwa mzigo. Kizime kwenye mipangilio ya ufikivu, pamoja na njia yake ya mkato. Ukitumia laptopu, zima pia ule mpango wa kulaza USB ili kuokoa betri.

Mwisho ndio namba ya boksi. Kuripoti mara 8000 si sawa na kukagua vitufe mara 8000. Bodi inaweza kuwa inasoma kila kitufe mara 1000 tu kwa sekunde, kisha inatuma jibu lile lile mara nane. Boksi halidanganyi, ila halijakuambia kitu. Hili hulijui kwa macho, kwa hiyo tafuta vipimo vya watu waliopima kwa vyombo muda wa kitufe hadi kompyuta, na ukivikosa, ichukulie 8000 kuwa mapambo.

Dalili: kelele, mlio wa kopo, spesi inayogonga

Vitufe virefu, yaani spesi, Enter, Shift, hushikiliwa na waya wa chuma pande mbili ili visiinamie upande mmoja. Waya ukikosa grisi hugonga plastiki yake. Mpake grisi ya silikoni kidogo kwenye ncha mbili, basi. Mafuta ya cherehani hayafai, hutiririka na kukusanya vumbi.

Kwetu pwani kuna la ziada: waya huo hushika kutu. Nyumba za Nyali na Bamburi zinazofungua madirisha kwa upepo wa bahari hupata chumvi juu ya kila chuma, na waya wenye kutu husugua mpaka spesi inarudi kwa uvivu. Wasiwasi wako usiwe kwenye sumaku, imefichwa ndani ya plastiki. Uwe kwenye waya, skrubu na mdomo wa USB-C. Funika kibodi usiku, na mdomo wa USB uufute kwa spiriti kavu inayoruka upesi, kibodi ikiwa imechomolewa.

Mlio wa kopo tupu kila unapobonyeza unatokana na kasha lisilo na povu ndani. Unaudhi, hauchelewishi. Kofia zinazong'aa baada ya miezi ni za plastiki ya ABS. Za PBT huvumilia jasho zaidi.

Umetolewa mechini

Si ugonjwa wa kifaa. Julai 2024 kampuni ya kibodi ya Razer ilileta Snap Tap, ambapo ukibonyeza A na D pamoja kibodi inachagua cha mwisho, na wengine wakafuata kwa majina yao. Agosti mwaka huo huo Valve, wenye gemu ya Counter-Strike, wakasema kwenye seva rasmi za Counter-Strike 2 anayetumia otomatiki ya namna hiyo anaweza kutolewa. Izime kabla hujaingia. Rapidi triga inaruhusiwa.

Pale kaunta, kabla pesa hazijatoka

Nenda na laptopu yako. Mwombe mwenye duka kwa adabu: «Ami, naomba niichomeke hii dakika tano nione vitufe.» Wengi watakujibu, «Chomeka mwanangu, lakini usinipasulie boksi.» Anayekataa katakata amekupa jibu pia.

Kabla ya kuchomeka, ishike ncha mbili uikamue kama unakamua nguo. Ikilia na kupinda, bamba la ndani ni jepesi, na bamba likipinda umbali kati ya swichi na kihisi unabadilika kila unapobonyeza kwa hasira. Iweke mezani ubonyeze pembe nne uone kama inacheza. Tikisa W, A, S, D na herufi nyingine chache za pembeni, ulegevu ufanane. Kibodi yenye vitufe vyote vimelegea kidogo ni bora kuliko yenye vitatu vilivyobana na kimoja kinachoning'inia, kwa sababu ya kwanza utaiwekea kina kimoja ukasahau. Gonga spesi kushoto, katikati na kulia: sauti moja.

Ukishaichomeka, fungua kipimo cha kina, toa mikono, tazama sifuri. Kisha shusha kitufe polepole mno. Namba zipande bila kuruka. Zikirukaruka kutoka 0.1 hadi 0.4 mwanzoni kabisa mwa safari, umeshaona ile milimita 0.1 ya boksi ina thamani gani. Angalia pia kama programu inafunguka kwa lugha unayoielewa na kama mipangilio inabaki ndani ya kibodi ukiichomoa. Zingine husahau kila kitu stima ikikatika.

Kitufe kimoja kimekufa kabisa

Ng'oa swichi yake na ya jirani, uzibadilishane. Ugonjwa ukihamia kwa jirani, swichi ndiyo mbovu, nunua moja ya aina ile ile na usawazishe tena. Ugonjwa ukibaki pale pale, kihisi kwenye bodi kimekufa au mguu wake umeachia. Fundi wa simu mwenye hewa moto anaweza kukibadilisha, ila lazima kiwe kihisi chenye namba ile ile, na hivyo havipatikani kwa urahisi Mwembe Tayari. Njia nyepesi ni kukichuna kutoka kitufe usichokitumia, Scroll Lock kwa mfano, kama kibodi yako inacho. Ikiwa bado ina waranti, usiruhusu mtu aifungue. Rekodi video ya kipimo cha kina kikionyesha kitufe hicho na jirani yake, risiti ikionekana, uipeleke dukani.